Kuteremka Ndiko Kunakouma

Anayefika Bukoba kwa meli kutoka Mwanza huona kwanza majabali. Mji wenyewe umekaa chini, kando ya maji, na nyuma yake nchi inapanda ghafla hadi kwenye migomba na mibuni ya juu. Ukisafiri kwenda kusini, Muleba ni hivyo hivyo: miinuko mirefu inayofuatana na ufuo wa Ziwa Viktoria, na kati yake mabonde yenye majimaji. Kutoka Kamachumu au Nshamba kwenda ziwani ni kushuka, na kurudi ni kupanda. Mtoto anayetumwa maji, mama anayepeleka mkungu wa ndizi sokoni, mchuuzi anayesukuma baiskeli yenye magunia, wote hulipa ushuru wa mlima kwa mapaja na vigimbi vyao.

Ushuru huo una tabia moja ambayo kila mtu wa huku anaijua. Siku ya safari mtu huchoka tu, akala, akalala. Kesho yake asubuhi ndipo anashindwa kushuka ngazi. Keshokutwa ni mbaya zaidi. Siku ya nne au ya tano maumivu yanaondoka yenyewe, kana kwamba hayakuwapo. Haya ndiyo maumivu ninayotaka kuyafuatilia, pamoja na mikono, maji na majani ambayo watu wa Mkoa wa Kagera wameyatumia kuyatuliza kwa zaidi ya miaka 150 tunayoweza kuisoma kwenye maandishi.

Maandishi ya mapema yanatoka Karagwe, upande wa magharibi, kwa Wanyambo, jirani za Wahaya wa Bukoba na Muleba. Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika ikulu ya Mukama, yaani mfalme, Rumanika wakitafuta chanzo cha Nile. Desemba mguu wa kulia wa Grant ulianza kuvimba kuanzia juu ya goti. Goti likapinda, kutembea kukamshinda. Januari 1862 Speke alimwacha akaendelea na safari ya Buganda, na Grant alibaki kwa Rumanika hadi Aprili.

Grant hakuwa na misuli iliyochoka. Alikuwa na majipu ya ndani, na daktari wa leo angempa dawa ya kuua bakteria. Lakini kwa kuwa alilazwa pale miezi na alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, alituachia picha adimu ya jinsi mguu wenye maumivu ulivyohudumiwa katika nchi hii kabla ya zahanati ya kwanza kujengwa. Sidi Mubarak Bombay, mmoja wa viongozi wa msafara, alishauri dawa ya kubandika: kinyesi cha ng'ombe, chumvi na tope la ziwani, vikiwa vya moto. Ikawekwa. Grant anasema ilimbana tu kama bendeji iliyokazwa. Kisha ndugu wa Rumanika akamletea mganga wa Kinyambo, mkulima mpole aliyekuja na mkewe. Mganga aliupapasa mguu taratibu, akawatoa watazamaji nje, akachanja ngozi kwa kisu kidogo. Mke akafungua jani la mgomba lililokunjwa, ndani yake mlikuwa na dawa nyeusi ya kupaka. Waliilainisha kwa mate, wakaisugua kwenye chanjo. Iliwasha.

Nikisoma habari hiyo naona mambo mawili yaliyodumu mpaka leo, mbali na yale ambayo afadhali yaliachwa, kama mate na kinyesi kwenye kidonda. La kwanza ni joto: hata Bombay, mgeni mwenyewe kutoka mbali, alijua dawa lazima iwekwe ikiwa ya moto. La pili ni mkono unaoanza kwa kupapasa. Mchuaji mzuri wa Bukoba leo hukamata kigimbi vivyo hivyo, anatafuta kwanza mahali pagumu ndipo anaanza kukanda.

Baada ya Grant alikuja mtu ambaye jina lake huku halina heri. Aprili 1875 Henry Morton Stanley alizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, akafika Bumbire, kisiwa ambacho leo kiko Wilaya ya Muleba, akitafuta chakula. Wenyeji waliivuta mashua nchi kavu na baadaye wakachukua makasia. Mabaharia wa Stanley walipofanikiwa kuisukuma tena majini hawakuwa na kitu cha kupigia maji. Waling'oa mbao za sakafu ya mashua yao wenyewe, wakazitumia kama makasia, huku Stanley akiwapiga risasi waliowafuata kwa mitumbwi. Usiku dhoruba ikawakuta. Agosti mwaka huo alirudi na jeshi na mitumbwi mingi, akaua watu wa Bumbire waliosimama ufukweni, kisasi kilicholaaniwa hata huko Uingereza. Ni lazima yasemwe haya kabla hatujamtumia kama shahidi wa jambo lingine.

Shahidi huyo, Machi 1876, akiwa mgeni wa Rumanika, alipelekwa kuona chemchemi za maji ya moto za Mtagata, ambazo leo ziko Wilaya ya Kyerwa. Alizikuta kwenye korongo lenye miti mirefu. Alipima joto: chemchemi kali kuliko zote ilizidi nyuzi 50 za Sentigredi, nyingine zilikuwa kwenye 43 hivi, joto ambalo mwili unalivumilia. Alichokiona kwenye mabwawa yake kilimshangaza: wanawake kwa wanaume wamejilaza majini, nusu wamelala, wengine wana upele, wengine vidonda. Watu walikuwa wakitoka mbali kuja kukaa pale siku kadhaa, kuoga na kunywa. Mtagata haikuwa ya mukama peke yake. Ilikuwa hospitali ya kila mtu, na dawa yake kuu, kwa maoni yangu, ilikuwa siku zenyewe za kulala ndani ya maji ya moto bila kubeba mzigo wowote.

Wengi wa falme za Wahaya, kama Ihangiro, Kianja au Kiziba, hawakuweza kwenda Mtagata. Kwao maji yalichemshwa nyumbani. Kukanda kwa maji ya moto kumebaki kazi ya wanawake, kwa kuwa kama ilivyo sehemu nyingi za nchi, bibi au shangazi ndiye anayemkanda mzazi siku za kwanza baada ya kujifungua. Mikono inayojua kiuno cha mzazi inajua pia bega la mtu aliyelima kutwa. Kitambaa kinachovywa, kinakamuliwa, kinawekwa kabla hakijapoa, kisha mafuta au samli, kisha kidole gumba kinasukuma kutoka kifundo cha mguu kwenda juu. Sijaona kitabu kilichomwandika hata mmoja wa wanawake hao kwa jina, na hilo ni pengo kubwa katika historia yetu ya tiba.

Novemba 1890 Emin Pasha alijenga kituo cha Wajerumani Bukoba, na miguu ya watu wa huku ikaanza kuhesabiwa kwa mizigo. Mzigo wa mpagazi Afrika Mashariki ulikuwa kilo 30 hivi, na njia ya kwenda pwani ilikuwa ya miezi. Reli ya Uganda ilipofika ziwani Desemba 1901, mahali panapoitwa leo Kisumu, ngozi na kahawa za Bukoba zikaanza kuondoka kwa meli. Safari ya miezi ikafupika ikawa safari ya kutwa: kutoka kibanjani juu, kuteremka na gunia hadi gatini. Ilikuwa nafuu kubwa. Lakini tazama kilichobaki. Kilichobaki ni mteremko.

Juni 22, 1915, katikati ya vita vya Wajerumani na Waingereza, meli kutoka Kisumu zilishusha askari chini ya majabali kaskazini ya mji. Walipanda mwamba wakiwa na bunduki na risasi. Miongoni mwao alikuwamo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, mwenye miaka 63. Kesho yake waliingia mjini, wakabomoa mnara wa simu ya upepo na kupora nyumba, kisha wakapanda meli wakaondoka. Wapagazi waliobeba vita hivyo kwa miaka minne, mamia ya maelfu katika Afrika Mashariki nzima, hawakuwa na meli ya kuwarudisha, na wengi hawakurudi.

Kabla hata ya vita hivyo, mbali sana na Bukoba, maumivu ya siku ya pili yalikuwa yameanza kuchunguzwa. Mwaka 1902, Boston nchini Marekani, Theodore Hough aliwafanyisha watu kazi ya kuvuta uzito kwa kidole kimoja kwenye chombo cha kupimia. Aliona kuna maumivu ya aina mbili: yale ya msuli uliochoka, yanayokwisha mara ukipumzika, na yale yanayokuja saa nyingi baadaye, hasa kwa mtu asiyezoea. Akasema haya ya pili lazima yatokane na kuchanika kwa kitu kidogo ndani ya msuli. Alikuwa amekaribia sana ukweli, na dunia ikampita.

Ikampita kwa sababu ya vyura. Mwaka 1907 Fletcher na Hopkins wa Cambridge walionyesha kwamba misuli ya chura inayofanyishwa kazi bila hewa hujaa asidi laktiki. Hill na Meyerhof walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi iliyoendeleza jambo hilo. Ugunduzi wenyewe ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la waliosikia: walimu wa michezo walichukua asidi hiyo wakaifanya chanzo cha maumivu ya kesho yake, na kutoka hapo likazaliwa agizo la kukimbia taratibu na kujinyoosha ili "kutoa asidi". Agizo hilo utalisikia mpaka leo kwenye viwanja vyetu, Kaitaba ya Bukoba ikiwamo. Asidi ile hurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi. Maumivu yanapoanza asubuhi ya pili, yenyewe ilishaondoka jana.

Kilichokuja kuondoa utata ni mteremko. Mwaka 1981, mjini Umeå nchini Sweden, Fridén na wenzake waliwateremsha watu ngazi za jengo refu, mara nyingi, kisha wakachukua vipande vidogo vya misuli ya miguu yao na kuvitazama kwa hadubini. Mistari inayounganisha vipande vidogo vya nyuzi za msuli ilikuwa imepinda, mahali pengine imevurugika kabisa. Mwaka 1983, London, Di Newham na wenzake waliwapandisha watu kwenye kibao kwa mguu mmoja na kuwashusha kwa mguu mwingine, bila kubadilisha. Mguu uliopandisha ulichoka. Ulioshusha ndio ulioumia siku za baadaye. Mwaka huo huo Wamarekani wakiongozwa na Schwane walilinganisha kukimbia dakika 45 kwenye tambarare na kukimbia kwenye mteremko. Wa tambarare walipandisha asidi lakini hawakuumia. Wa mteremko hawakupandisha asidi, na kesho yake ndio waliochechemea.

Sababu yake inaeleweka ukiufikiria mguu unaposhuka. Unapopanda, paja linavuta na kujikunja. Unaposhuka, paja hilo hilo linavuta huku linalazimishwa kurefuka, likifanya kazi ya breki. Nyuzi chache zinabeba uzito mkubwa na baadhi zinapasuka kidogo kidogo. Kisha mwili unaanza ukarabati: chembe za damu zinaingia, majimaji yanakusanyika, mishipa ya fahamu inakuwa nyepesi kuhisi, na hiyo inachukua saa 24 hadi 72 kufikia kilele. Ndiyo maana mwenye baiskeli ya ndizi anaweza kuhema kama nini akipanda kwenda Kamachumu, na bado akaja kuumia kwa sababu ya kuishikilia baiskeli hiyo alipokuwa anashuka Muhutwe. Wavuvi wa visiwani wanaopiga kasia kutwa wana uchovu wao, lakini kasia ni kuvuta kuliko kuzuia, na msuli wake haupigwi kwa namna hii.

Sasa tuzipime dawa za wenyeji kwa maarifa haya. Zinasimama vizuri kuliko nilivyotarajia.

Joto kwanza. Mwaka 2015, California, Petrofsky na wenzake waliwachuchumalisha watu 100 mpaka mapaja yakachoka, kisha wakawawekea wengine vitu vya moto na wengine vya baridi. Vyote viwili vilipunguza maumivu na kulinda nguvu ya msuli kuliko kuacha hivi hivi. Kuchua nako kumeshinda: mapitio ya tafiti 99 yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikuta hakuna mbinu iliyopunguza maumivu haya kuliko mikono ya mchuaji. Kujinyoosha, ambako makocha wanakusisitiza kuliko yote, katika mapitio mengine kulionekana kupunguza pointi chache tu katika kipimo cha pointi 100. Bibi wa Ihangiro na maji yake ya moto alikuwa mbele ya kocha mwenye filimbi.

Kahawa inastahili neno. Huku robusta haikuwa kinywaji tangu mwanzo. Ilichemshwa na kukaushwa pamoja na ganda, ikatafunwa, ikapewa mgeni, ikatumiwa kula kiapo cha udugu. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia waliwapa kafeini wanawake tisa ambao mapaja yao yalikuwa yanauma baada ya mazoezi, na maumivu yalipungua kwa karibu nusu walipotakiwa kukaza msuli kwa nguvu zote. Ni utafiti mdogo sana, na hauthibitishi kwamba wazee walitafuna kahawa kwa ajili hiyo. Lakini mzee anayetafuna punje njiani kurudi kibanjani hakosei hata kidogo.

Ziwa ndilo linalohitaji uangalifu. Vijana wa Bukoba wakimaliza mazoezi huteremka ufukweni kujitosa, na siku hizi wanasikia kwamba wachezaji wa Ulaya nao hukaa kwenye mapipa ya barafu. Ni kweli: mapitio ya mwaka 2012 ya majaribio 17 yenye watu 366 yalionyesha maji baridi hupunguza maumivu. Lakini maji hayo mara nyingi yalikuwa kwenye nyuzi 10 hadi 15. Ziwa Viktoria liko kwenye 24, 25, na hata zaidi. Linaburudisha, halifanyi kazi ya barafu. Na kwenye maji ya kina kifupi, kwenye matete, wako konokono wa kichocho. Kijana anayetafuta nafuu ya siku tatu anaweza kurudi na ugonjwa wa miaka. Mwenye haja ya baridi na akae kwenye beseni la maji ya bomba, aongeze barafu kama ile inayohifadhia sangara.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni duka la dawa. Vidonge vya diklofenaki vinanunuliwa kama peremende, na wapo wanaoomba sindano kabisa ili mwili "ufunguke". Kwa mtu aliyetoka jasho kutwa bila kunywa maji ya kutosha, dawa hizo zinaweza kuziumiza figo. Tena kuna hali moja inayofanana na maumivu haya mwanzoni na ambayo huua: misuli ikipondeka sana, vitu vyake vinamwagika kwenye damu na kuziba figo. Dalili ni uvimbe mkubwa, udhaifu unaozidi badala ya kupungua, na mkojo wa kahawia iliyokolea. Hapo si suala la kukandwa. Ni kukimbizwa hospitali ya Ndolage, Rubya au Kagondo, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, usiku huo huo.

Jambo la mwisho ni jinsi msuli unavyozoea. Mwishoni mwa 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera na kulipua daraja la Kyaka, makumi ya maelfu ya mgambo kutoka nchi nzima waliungana na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Sehemu kubwa ya askari wa miguu walitembea kweli kwa miguu: Masaka Februari 24, 1979, Kampala Aprili 11, zaidi ya kilomita 200 kutoka Mutukula. Mtu aliyetoka ofisini Dodoma hawezi kufanya hivyo wiki ya kwanza. Anaweza wiki ya sita, kwa kuwa msuli ulioumizwa mara moja na mteremko hujijenga upya kwa namna inayozuia jeraha lile lile. Kinga hiyo inapatikana hata kwa safari moja fupi, na hudumu majuma kadhaa, wakati mwingine miezi, halafu inafifia.

Hilo linaeleza kinachotokea kila Desemba, Wahaya wanaporudi nyumbani kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Siku ya kwanza wanazunguka kusalimia ndugu, wanashuka mtoni, wanapanda kwa shangazi. Siku ya tatu wamekaa barazani wamenyoosha miguu, na wenyeji wanawachemshia maji. Wanaorudi tena baada ya wiki chache kwa msiba au harusi hawapati shida hiyo. Wanaokaa mpaka Desemba nyingine huanza upya, na anayetaka kujiokoa anatakiwa kushuka ngazi za ghorofa nne tano za ofisi yake, badala ya kupanda lifti, wiki moja au mbili kabla ya kukata tiketi.